Soma upepo kwanza, mvua baadaye: jibu kwa nahodha wa Faza

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Nina mashua ya futi 28 yenye injini ya farasi 40. Nabeba abiria na mizigo baina ya Amu (mji wa Lamu), Faza na Kizingitini, na mara mojamoja napita nje hadi Kiwayu. Ndugu yangu analima mahindi na kunde huko Hindi, Lamu bara. Utabiri wa wiki hii ya kwanza ya Aprili umetufikia kwa simu, nao wasema hivi: Jumatatu hadi Jumatano mvua nyepesi sehemu chache, upepo wa mashariki noti 5 hadi 12. Kuanzia Alhamisi upepo wa kusini-mashariki utaongezeka hadi noti 20, wakati mwingine kupita 25, mawimbi kupita mita 2, na mvua ya wastani hadi kubwa sehemu kadhaa. Mwezi mpevu ni Alhamisi usiku. Programu ya simu inaonyesha jua na kiwingu wiki nzima. Wazee wa hapa wasema kusi, upepo wa msimu utokao kusini, bado, na nyota za Kilimia zingali juu. Nimfuate nani? Na ndugu yangu apande lini?

Jibu: Waalaikum salaam, nahodha. Katika hao watatu hakuna aliyekudanganya, ila kila mmoja anajibu swali lake. Wazee wanazungumzia msimu. Simu inazungumzia mraba mkubwa wa bahari na nchi kavu uliotiwa hesabu moja. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa unazungumzia kaunti nzima kwa siku saba. Wewe unachotaka kujua ni kama Ijumaa saa moja asubuhi utatoka mlango wa bahari wa Shela salama, na watu kumi na magunia ya unga ndani. Hilo halimo kwa yeyote kati yao mpaka uuchukue upepo wa utabiri uuweke juu ya jedwali la maji. Kwa hiyo nitaanza na upepo, nije kwenye maji, na mvua nitaiacha nyuma, ingawa najua ndiyo ambayo kila mtu huisoma kwanza.

Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85. Noti 12 ni kilomita 22 kwa saa: tanga linajaa vizuri na povu jeupe linaonekana hapa na pale. Noti 20 ni kilomita 37, povu limetapakaa na maji yanarukia ndani ya chombo. Noti 25 ni kilomita 46, na hapo ndipo tahadhari za upepo mkali za Idara huanzia. Wengi hudhani 25 ni mara mbili tu ya 12. Kasi ni mara mbili, lakini msukumo kwenye tanga, kwenye turubai na ubavuni mwa chombo ni mara nne, kwa sababu nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi. Tena namba unayoisoma ni wastani wa dakika 10, uliopimwa kwa kimo cha mita 10. Ndani ya wastani huo mna mipigo inayozidi kwa karibu nusu yake. Ukisoma 20, jiandae kupigwa na 28 au 30 kwa sekunde chache, na sekunde chache zinatosha kupindua mashua iliyorundikwa mizigo juu ya mabanzi.

Jumatatu hadi Jumatano ni tanga mbili halisi. Jua limepita utosini Lamu katikati ya Machi, kaskazi imechoka, kusi haijashika. Alfajiri upepo mwembamba unatoka bara, kufikia saa tano umegeuka unatoka baharini, na magharibi bahari inalala. Hizi ndizo siku zako za kazi. Ukiwa na safari ya Kiwayu kwa njia ya nje, ifanye Jumanne au Jumatano, wala usiiweke kiporo.

Kitu cha kuogopa katika siku hizo tatu ni wingu, si wimbi. Joto likipanda bara, mawingu ya radi huota mchana na mengine hushuka pwani jioni. Dalili yake ni ukuta mweusi upande wa Mokowe na Hindi wenye utosi uliotandaa kama mwavuli, upepo wa baharini unakatika ghafla, kisha unasikia baridi shingoni. Ile baridi ni hewa iliyoporomoka na mvua kutoka juu, na ikifika majini hupiga noti 30 na zaidi kwa robo saa, kutoka upande ambao hukuutarajia. Ukiona upepo umekatika na ukuta uko karibu, una dakika chache tu: teremsha turubai, abiria wakae chini sakafuni, elekeza omo (mbele ya chombo) kwenye ukuta, punguza mafuta ubaki na mwendo wa kushika usukani tu. Wanaopinduka mara nyingi ni wale wanaojaribu kulikimbia wingu wakiwa wamelipa ubavu.

Sasa tuje kwenye Alhamisi.

Kusi haiingii kwa mlango kufunguliwa mara moja. Inabisha hodi. Chanzo chake ni eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalokaa kusini mwa bahari, upande wa visiwa vya Mascarene, yaani Réunion, Morisi na Rodrigues. Kila mgandamizo mpya unapotoka Afrika Kusini kuelekea mashariki na kujazia eneo hilo, hewa husukumwa kaskazini, inapanda pwani ya Tanzania hadi kwetu. Mwezi Aprili msukumo mmoja hudumu siku tatu au nne, kisha bahari inatulia tena, kisha unakuja mwingine wenye nguvu zaidi, mpaka siku moja hautulii. Mtabiri anapokuambia Jumatatu kwamba Alhamisi upepo utapanda, ameuona mgandamizo ule ukipanda kusini ya Madagaska. Ndiyo maana utabiri wa upepo wa kusi huwa wa kuaminika zaidi kuliko utabiri wa mvua: kitu kinachosafiri maelfu ya kilomita kinaonekana kikija.

Nawe waweza kukiona kikija. Upepo huo hupita kwa wenzako wa kusini kwanza. Jumatano jioni piga simu kwa mtu aliye Shimoni au Mombasa, kisha kwa aliye Malindi. Usiulize kama kuna upepo, maana mchana upo kila siku. Uliza ulikuwa unatoka wapi kabla ya jua kuchomoza. Hili ndilo jambo kubwa katika barua hii yote. Mchana upepo wa baharini hukudanganya, unatoka kusini-mashariki hata kama kusi iko mbali. Alfajiri, wakati nchi kavu imepoa, upepo wa kawaida wa tanga mbili lazima utoke bara. Ukitoka nje saa kumi na moja alfajiri ukaukuta unatoka kusini na bado una nguvu ya kutikisa makuti, noti 8 au 10, basi kusi imeshinda upepo wa bara na msukumo umefika. Ikiwa hivyo asubuhi tatu mfululizo, msimu umegeuka, hata kalenda iseme nini.

Kuhusu wazee: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa hivi, mwanzo wa Aprili, Kilimia bado kinaonekana magharibi baada ya sala ya magharibi, na kitaendelea kushuka mpaka kipotee kwenye mwanga wa jua kuelekea Mei, kisha kizuke alfajiri mwezi Juni. Wakisema kusi bado, wanasema kweli: kusi ya kukaa bado. Lakini hakuna mzee wa Faza atakayekuambia kwamba kabla ya Kilimia kuzama hakuwi na kusi ya siku tatu. Waulize hivyo uone watakavyocheka.

Kabla hujaweka namba za wimbi kichwani, elewa "mita 2" ni nini. Si wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa. Ukikaa nje saa mbili au tatu, utakutana na moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Na wimbi la mita 2 lililotoka mbali, refu, lenye sekunde 10 kati ya kilele na kilele, mashua yako inalipanda na kulishuka bila shida. Wimbi la mita moja na nusu lililozaliwa na upepo wa hapa, fupi, lenye sekunde 5, hilo ndilo linaloingia chomboni. Utabiri ukitaja sekunde, zisome kabla ya mita.

Maji

Mwezi mpevu ukiwa Alhamisi usiku, bamvua kuu, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, itakuwa Ijumaa na Jumamosi, maana maji huchelewa siku moja au mbili nyuma ya mwezi. Tena bamvua za Machi na Aprili ni kubwa katika mwaka, kwa sababu jua liko karibu na ikweta. Tofauti ya kujaa na kupwa huku ni karibu mita 3 kwenye bamvua, na wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, ni karibu mita 1. Maji mengi hayo yote hupita mlango ule ule.

Kwa kukadiria, pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne asubuhi na usiku. Ijumaa weka kujaa saa kumi na nusu alfajiri, na kupwa saa nne na dakika arubaini hivi. Kila siku huchelewa kama dakika 50, siku za bamvua kidogo pungufu. Saa kamili zichukue kwenye jedwali la maji la mwaka huu, ila makadirio haya yanatosha kukuonyesha mtego ulipo.

Mtego ni huu. Maji yanapokupwa hayatoki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia, saa ya sita yanalegea. Ijumaa, saa ya tatu na ya nne ya kupwa ni baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Ndizo saa ambazo watu wamesali, wamekunywa chai, mizigo imepakiwa, na kila nahodha anang'oa nanga. Upepo bado haujachacha, Shela kumetulia kama bakuli, na abiria wanaona hakuna neno. Lakini mlangoni, kati ya Shela na Ras Kitau, maji yote ya kupwa yanakimbilia nje huku mawimbi ya kusi yanaingia ndani. Mkondo ukigongana na wimbi, wimbi linafupika, linasimama wima na kuvunjika. Mita 2 zilizokuwa mlima mpole nje kule zinakuwa ukuta pale. Na wimbi huvunjika kina kikipungua hadi kama mara moja na robo ya kimo chake: la mita 2 linavunjika kwenye kina cha mita 2 na nusu. Kwenye mafungu ya mchanga ya mlangoni, maji yakiwa yamekupwa nusu, kina hicho si cha kutafuta.

Mchana nako, kuanzia saa tano, maji yanajaa, mkondo na wimbi vinakwenda njia moja, mlango unalainika. Lakini ndio wakati kusi imejumlishwa na upepo wa baharini, na noti 20 za asubuhi zinakuwa 25 saa tisa. Kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi ya utabiri huu, kwa mashua ya wazi ya futi 28 yenye abiria, njia ya nje haina saa nzuri. Asubuhi maji yanakupinga, mchana upepo unakupinga. Sioni sababu ya kuzunguka maneno hapo.

Njia ya ndani unayo. Mkanda, kati ya Manda na bara, unakingwa na kisiwa chote cha Manda, na kusi hata ya noti 25 haikuzi wimbi la maana mle. Shida ya Mkanda ni kina, na bamvua inakusaidia upande mmoja na kukuumiza upande wa pili: maji yakijaa yanajaa sana, yakikupwa yanakauka. Jipe saa mbili kabla na saa moja na nusu baada ya kujaa. Ijumaa hiyo ni baina ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili na nusu jioni, ukihesabu kujaa kwa jioni karibu saa kumi na moja. Kuingia maji yakiwa bado yanajaa ni bora kuliko baada ya kujaa. Ukikwama maji yanapanda, utaelea baada ya dakika ishirini. Ukikwama yanashuka kwenye bamvua, utalala hapo na mbu mpaka karibu na alfajiri. Ukitoka Mkanda, ghuba ya Manda hadi Mtangawanda inaweza kuwa na wimbi fupi la ubavuni, la kulowesha tu. Funika unga.

Usisahau kwamba ukifika Kizingitini na abiria wakakuomba uwasogeze hadi Kiwayu, unatoka kwenye kinga. Hapo kuna jambo moja ambalo halimo kwenye utabiri wowote wa wiki: mkondo wa bahari. Kaskazi ikiwa inavuma, mkondo kutoka Somalia unashuka na kukutana na ule wa kwetu unaopanda, mahali fulani baina ya Malindi na Lamu. Kusi ikishika, wote unakwenda kaskazini, na nje ya Kiwayu na Kiunga unaweza kwenda kasi ya noti kadhaa. Injini ikizima huko wakati wa kaskazi, unasukumwa kurudi nyumbani. Ikizima wakati wa kusi, upepo na mkondo vyote viwili vinakupeleka mpaka wa Somalia. Kwa hiyo nanga yenye kamba isiyopungua mara tano ya kina ni kitu cha kwanza kukagua kuanzia Aprili. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, la akiba, kwa sababu kurudi kusini dhidi ya kusi injini ya farasi 40 itakula zaidi ya ulivyozoea mwezi wa pili. Plagi mbili za akiba na ufunguo wake, chujio la petroli lililomwagwa maji, jaketi la kuokolea kwa kila kichwa na si kwa kila benchi, na redio ya VHF, kama unayo, ikae chaneli 16.

Na ikiwa umeshikwa nje, lazima uingie Shela na wimbi liko nyuma: subiri nje ya mafungu uhesabu. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, kisha kuna nafasi. Ingia nyuma ya kilele, ukae mgongoni mwa wimbi, usilipite. Mashua ikianza kuteleza mbele ya wimbi, tezi (nyuma ya chombo) inanyanyuka, usukani unakosa maji, chombo kinakaa ubavu, na linalofuata linamalizia. Uzito upelekwe nyuma kidogo, abiria wasisimame hata mmoja.

Kwa nini simu inaonyesha jua

Programu nyingi za simu zinachukua namba za modeli ya Marekani ya GFS, ambazo kwa kawaida hutolewa kwa miraba ya kama kilomita 28. Mraba mmoja kama huo unakuwekea Amu, Manda, Mokowe na bahari ya nje ndani ya kapu moja. Mvua ya kusi huja kwa manyunyu mafupi ya dakika kumi au ishirini, linapita wingu, jua linarudi. Kompyuta ikitafuta picha moja ya kuchora kwa siku nzima, inachora jua na kiwingu. Hilo si kosa kubwa, ni picha ndogo mno kwa siku yenye mambo mengi. Achana na picha, fungua ukurasa wa upepo wa saa kwa saa. Ukiona mshale unageuka kutoka mashariki kwenda kusini-mashariki Alhamisi na namba zinapanda, basi simu na Idara wanasema jambo moja. Zikipishana kwa noti 5, fuata iliyo kubwa.

Mvua, na shamba la Hindi

"Sehemu chache" katika lugha ya utabiri ni chini ya theluthi ya eneo. "Sehemu kadhaa" ni kati ya theluthi moja na mbili. "Sehemu nyingi" ni zaidi ya theluthi mbili. Kwa hiyo mvua nyepesi sehemu chache, Jumatatu hadi Jumatano, maana yake mashamba mengi ya Hindi hayatapata kitu, na yatakayopata yatapata chini ya milimita 5. Hiyo ni mvua ya kutuliza vumbi. Ndugu yako asipande kwa hiyo, hata ikinyesha shambani kwake na majirani wakaanza kubeba majembe.

Kanuni ya kupandia ni hii: milimita 20 au zaidi ndani ya siku zisizozidi tatu, na matarajio kwamba hakutakuwa na ukame wa siku kumi mbele. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Chukua kopo lenye ubavu ulionyooka, lisilopanuka juu, liwekwe uwanjani mbali na mnazi au paa, umbali wa mara mbili ya kimo cha mnazi au paa hilo. Tia rula ndani kila siku saa tatu asubuhi, saa ile ile ambayo vituo vya Lamu na Malindi husoma vipimo vyao, ili namba zako zilingane na zao. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Usipokuwa na kopo, chimba: kwenye udongo wa kichanga, unyevu ukiwa umeshuka shibiri moja na ushee, mvua ya kutosha imeingia. Ukiwa vidole vinne tu, ngoja.

Sehemu ya pili, ya kutabiri kama itaendelea, angalia saa ya mvua. Mvua ya tanga mbili hunyesha alasiri na jioni, na radi, kutoka bara. Leo yako, kesho ya jirani, keshokutwa hakuna. Mvua ya kusi hunyesha usiku wa manane hadi asubuhi, kutoka baharini, bila ngurumo nyingi, kwa sababu ndio wakati ule upepo wa bara unapokutana na kusi karibu na ufuo na kuinua unyevu juu. Ndugu yako akiamka Ijumaa, Jumamosi na Jumapili akute kopo lina maji ya alfajiri, hiyo ni mvua yenye mizizi. Hapo Jumapili au Jumatatu apande: mahindi kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 75 kwa 30 mbegu moja shimoni, na mbegu ziwe za pwani kama Pwani Hybrid 4 au Coast Composite, si za nyanda za juu alizoletewa na shemeji. Kunde zingoje kidogo baada ya mahindi. Akipata milimita 20 kwa radi moja ya Jumanne jioni, apande robo ya shamba tu na abakishe mbegu. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote huku kwetu, tofauti na Nairobi ambako Aprili ndiyo kilele, na aliyepanda Aprili kumi na tano hajachelewa.

Nyumbani Faza, wenye jabia, matangi ya kukingia maji ya mvua, wana kazi ya siku tatu kavu: kufagia sakafu ya kukusanyia, kuziba nyufa, kutoa mchanga ndani. Sakafu ya mita mraba 100 ikipata milimita 20 inatoa lita 2,000, ukitoa tano moja ya hasara zinabaki 1,600. Maji ya mvua ya kwanza, milimita mbili za mwanzo, yaelekezwe nje, maana yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege cha kaskazi nzima.

Kuna jambo moja la nchi kavu pia, kwa kuwa mizigo yako naamini inatoka Malindi kwa lori. Utabiri wa Kaunti ya Lamu hauwezi kukuambia kama barabara ya Garsen itapitika. Maji ya Tana yanayomwagika Gamba na Lango la Simba ni mvua ya Mlima Kenya na Aberdare iliyonyesha siku nyingi kabla, na mabwawa ya juu yakijaa hadi kufurika, maji yanateremka hata kama Witu kuna jua kali. Novemba 2023 barabara hiyo ilikatika kwa mafuriko. Soma utabiri wa nyanda za juu na taarifa za mabwawa ya Masinga na Kiambere, si wa Lamu.

Kwa Kiwayu ya njia ya nje, ukikosa Jumanne na Jumatano, nafasi inayofuata iko Alhamisi ya wiki ya pili. Upepo wa siku hiyo hakuna anayeujua leo, na atakayekupa namba ya noti siku kumi mbele usimlipe. Maji lakini yanajulikana tangu sasa: yatakuwa maji mafu, kujaa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo tangu alfajiri mkondo wa Shela utakuwa unaingia, tena dhaifu, na mlango utakuwa laini saa ile ile uliyozoea kutoka. Ila siku hiyo usipite Mkanda na mzigo mzito ila saa moja kabla ya kujaa hadi saa yenyewe, kwa sababu maji mafu yakijaa hayajai kama ya bamvua.